Mke Mwenza wa Kabatini

Choo cha wakubwa kilipasuka Jumamosi asubuhi, na hapo ndipo kiwanda cha sabuni kilipokumbuka kwamba kina mtunza stoo.

Tuwe na adabu, tuseme ni bomba. Lilipasuka ghorofa ya juu, katika choo ambacho wafanyakazi wa kawaida walikuwa wakikisikia tu, kama watu wasikiavyo habari za peponi. Maji yakapenya darini, yakaishukia seva, ile kompyuta mama iliyobeba kumbukumbu zote za kiwanda: wateja, mishahara, likizo, na saa za ziada za kila mtu aliyewahi kukoroga sabuni pale. Seva ikatoa moshi kidogo, ikanyamaza. Kifo cha aibu, lakini kifo.

Kabla ya adhuhuri gari la Meneja Utawala lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya mtunza stoo. Ilikuwa nyumba ya kiwanda, kama nyumba zote za mtaa ule: vyumba viwili, jiko, na tangazo lililobandikwa nyuma ya mlango kwamba anayeachishwa kazi anatoka na virago vyake kabla mwezi haujaisha. Mke wa mtunza stoo, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, alikuwa barazani akishona upindo wa sketi ya shule. Redio yake ndogo ilikuwa chumbani, juu ya kabati, ikimwimbia kupitia dirishani.

Mumewe aliruka garini hata kabla dereva hajazima injini.

"Mama watoto! Sanduku!"

"Sanduku limefanya nini?"

"Halijafanya kitu. Linahitajika!" Alilisema hilo kwa sauti ya mzazi ambaye mwanawe kaitwa jina mbele ya shule nzima.

Sanduku lenyewe lilikaa ndani ya kabati la Fundi, rafu ya chini, mahali pakavu kuliko pote nyumbani. Lilikuwa la bati, na ndani yake zilipangwa kanda za bekapu, kila moja inaenea kiganjani, zilizotakiwa kubeba nakala ya yote yaliyomo kwenye seva. Jioni mtunza stoo aliingiza kanda kwenye mashine kiwandani, asubuhi akaitoa, na kila Ijumaa akazileta nyumbani, kwa sababu kanda za akiba hazitakiwi kulala nyumba moja na seva: moto ukizuka, usije ukala mama na mtoto pamoja. Mtaalamu wa kompyuta wa zamani, kabla hajapunguzwa kazini, aliomba zikodishiwe mahali pa maana. Meneja akauliza, "Kwani nyumbani kwa mtunza stoo kuna nini?"

Kulikuwa na kabati la Fundi. Nguo zake zikahamia kwenye kamba na misumari, na tangu hapo neno lililosemwa kuliko yote katika nyumba ile lilikuwa "usiguse". Akifagia karibu, usiguse. Akitafuta kanga iliyodondokea nyuma, usiguse. Feni yao ya pekee ilielekezwa kabatini usiku kucha, wenye kitanda wakiloa jasho. Fundi akalipa sanduku jina la mke mwenza. "Baba watoto, leo zamu ya nani?" ndiyo ilikuwa salamu yake ya Ijumaa, na mumewe hakuwahi kucheka hata siku moja, kwa sababu kwake lile halikuwa jambo la utani. Alikuwa mtu wa kuhesabu ndoo na mifagio. Zile kanda ndizo kitu pekee alichowahi kukabidhiwa kwa saini.

Sasa alilitoa sanduku kwa mikono miwili. Mama yake, aliyekuwa akiishi nao tangu watoto wakue na kuhama, na kulala kwenye kochi la sebuleni, alisimama mlangoni kushuhudia.

"Mwanangu kafuatwa na gari," alimtangazia jirani wa mlango wa pili, ambaye hakuwa ameuliza. "Lina kiyoyozi hilo."

"Meneja kaniambia mwenyewe," mtunza stoo alimnong'oneza mkewe. "Kasema, 'Leo wewe ndiye kiwanda.' Kanda zikisomeka, napata usimamizi. Nakuapia."

"Nenda basi. Na mwambie mke mwenzangu nimemsamehe yote."

Dereva alifungua mlango wa mbele, akaliweka sanduku kitini, akalifunga mkanda. Mtunza stoo akajibana nyuma, katikati ya makopo ya rangi.

* * *

Alirudi kwa miguu.

Fundi alimwona kwa mbali, akajua. Mtu mwenye habari njema hatembei akitazama viatu vyake. Alimpa maji, akayashika bila kunywa.

"Hamna kitu," alisema.

"Hamna cheo?"

"Kandani hamna kitu. Wamemleta mtaalamu wa kompyuta kutoka nje, mwanamke mmoja hivi. Kaingiza ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Zote. Nyeupe pee, kama zimetoka dukani leo."

"Yaani zimepotea?"

"Meneja anasema zimefutika. Anasema kitu cha sumaku kikiikaribia kanda kinaifuta." Akainua macho. "Uligusa?"

Fundi alitaka kucheka, halafu akaona kwamba swali ni swali kweli.

"Mimi?"

"Nakuuliza tu."

"Nililigusa, ndiyo. Ile mvua kubwa, ulipokwenda kumzika mjomba wako, dari ilivuja juu ya kabati. Nikalitoa sanduku, nikaliweka kitandani, nikalifunika kwa blanketi langu. Mimi na mama tukakesha na mabeseni. Ulitaka nikuache urudi ulikute linaogelea?"

"Hukuniambia."

"Ningekwambia ungenikamata."

Mama mkwe alikohoa kutoka kwenye kochi. Alikuwa na kikohozi maalumu cha kuingilia mambo. "Na lile liredio?" alisema. "Spika ndani yake ina sumaku. Mimi si msomi, lakini ndugu yangu alikuwa fundi redio."

Wote watatu wakatazama mlango wa chumbani. Redio iliimba bila wasiwasi wowote. Ni mtunza stoo mwenyewe aliyeiweka juu ya kabati, akagongelea na msumari wa kuning'iniza waya wake, akasema pale pako mbali na sanduku, hapana neno. Fundi alingoja aseme hivyo. Akaendelea kungoja hadi chai ya jioni ikapoa.

* * *

Jumanne walikuja kukagua. Walikuwa Meneja Utawala, karani wake mwenye ubao wa kuandikia, na mtunza stoo mwenyewe nyuma yao, mgeni nyumbani kwake. Meneja walimwita Kiyoyozi, maana akiingia mahali watu wote hupoa. Alivua miwani, akaivaa, akavuta mlango wa kabati kwa vidole viwili.

Nguo za Fundi zilikuwa zimerudi. Sanduku lilipoondoka alizikusanya kutoka kwenye kamba na misumari, akazikunja vizuri, akazipanga rafu kwa rafu, na siku ile ya kwanza alilifungua kabati mara kadhaa bila sababu, kuzitazama tu.

"Hapa ndipo mali ya kiwanda ilipokuwa inalala?" Meneja aliuliza.

"Ndiyo, mzee," alijibu mtunza stoo.

"Katikati ya hivi?" Akachomeka kalamu yake rafuni na kuinua kitu kwa ncha. Ilikuwa sidiria, ile ya kijivu, ya kushindia nyumbani, yenye mkanda uliounganishwa kwa kipande cha lastiki ya kaptula. Ilining'inia pale hewani, karani akaitazama, akatazama ubao wake, kama anatafuta safu ya kuiandika.

"Nguo hazikuwemo," Fundi alisema. "Zilikuwa kwenye kamba miaka yote hii. Zimeingia juzi."

"Hujaulizwa, mama."

"Najibu kabla sijaulizwa, mzee, maana ukimaliza kuniuliza hiyo itakuwa imeshakauka."

Karani aliinamisha uso akakohoa kicheko. Meneja aliiachia sidiria ianguke sakafuni, kisha akainua macho taratibu mpaka juu ya kabati, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Aha," alisema. "Na ile?"

"Redio yangu."

"Andika," alimwambia karani. "Kipaza sauti chenye sumaku, moja kwa moja juu ya kanda."

"Si moja kwa moja," Fundi alisema. "Ilikuwa juu, na sanduku chini kabisa. Na aliyeiweka..." Akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa ameinama, akiokota sidiria, akiikunja polepole kuliko nguo yoyote iliyowahi kukunjwa duniani.

Redio iliondoka nao, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Karani aliiita kielelezo. Fundi alirudi kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza akasikia jinsi mashine ile inavyopiga kelele.

* * *

Kiwandani walitangaza kwamba saa za ziada hazitalipwa, kwa kuwa kumbukumbu zake hazipo, na kumbukumbu hazipo kwa kuwa zimefutiwa nyumbani kwa mtunza kanda. Hawakumtaja mtu. Hapakuwa na haja. Jioni ile ile Fundi alipokwenda bombani, ndoo yake ilijikuta peke yake.

"Pisheni, Mama Kufuta huyo," alisema jirani wa mlango wa pili. "Msimkaribie, mtasahau majina yenu."

Wanawake walicheka. Fundi naye alicheka, maana ndivyo afanyavyo mtu anapopigwa mbele za watu.

"Shoga, unanijua mimi," alisema. "Naweza kufuta kazi ya watu?"

"Mume wangu kakesha kwenye mitambo tangu mwaka juzi, shoga. Kila wiki. Leo kaambiwa haijulikani kama alikuwepo." Jirani hakuwa anacheka tena. "Nije nikuulize wewe, au nikaiulize redio yako?"

Yule mwenye sketi ya shule alituma mtoto kuichukua, haijamalizwa, sindano bado imo. Mwingine akafuata kitambaa chake, akisema amebadili mawazo juu ya gauni.

Alhamisi mtunza stoo alirudi mapema, na karatasi mfukoni. Hakuitoa. Alikula, akanawa, akasifu chakula, na kwa vile hakuwahi kusifu chakula, Fundi alinyoosha mkono.

"Lete."

Ilikuwa imeandikwa kwa mashine. Ilisema kwamba yeye, mke wa mtunza stoo, bila idhini ya mumewe wala ya kiwanda, aliweka chombo chenye sumaku karibu na kanda, na kuzihamisha kanda hizo mahali pasipofaa, na kwamba mumewe hakuwa na habari.

"Bila idhini," alisoma kwa sauti. "Msumari ule niliupiga kwa meno?"

"Mke wangu, nisikilize."

"Nasikiliza. Sina redio."

"Lazima kuwe na mtu. Wafanyakazi wanapiga kelele getini, wanataka mtu. Nikiwa mimi, kazi imekwisha, na nyumba hii imekwisha. Mama nitamlaza wapi? Lakini wewe si mwajiriwa. Watakufukuza wapi? Kwenye cherehani yako?" Alikuwa ameshika mkono wake, jambo ambalo nalo hakulizoea. "Ni karatasi tu. Inaingia faili, inaoza huko."

"Na mtaani?"

"Mtaani watasahau."

"Niambie kitu kimoja," Fundi alisema. "Wewe unaamini ni mimi?"

Mtunza stoo alitazama feni. Tangu sanduku liondoke walikuwa wameigeuzia kitandani, na usiku walilala vizuri, kila mmoja upande wake.

"Mtaalamu hajasema sio wewe," alijibu.

Mama mkwe alikohoa kwenye kochi. "Mwanangu, weka saini," alimwambia Fundi, kwa upole ambao ungeuzwa kwa kipimo ungefilisi duka. "Mwanamke ni stara ya mumewe."

Akaweka saini. Mkono ulikuwa na vumbi la chaki ya kukatia, na alama ya kidole gumba ikabaki kwenye kona ya karatasi, buluu.

* * *

Wiki iliyofuata alikuja mteja, na mteja wakati ule alikuwa kitu cha kupokelewa kwa kiti. Alikuwa mwanamke kijana mwenye begi la vifaa mgongoni, ameshika suruali yake kwa nyuma na mkono mmoja.

"Shikamoo mama. Mlinzi kiwandani kaniambia huku kuna fundi. Nimepasuka, na bado nina kazi mpaka jioni."

"Marahaba mwanangu. Ingia chumbani uivue, jifunge kanga hiyo. Umepasukia wapi yote hiyo?"

"Chini ya meza. Nafunga seva mpya pale. Mara ya pili natambaa chini ya meza ile, sasa suruali imekataa."

Fundi alikuwa ameshaingiza uzi. Akautoa, akauingiza tena.

"Kumbe ndiye wewe mtaalamu wa kompyuta."

"Ndiye. Mama, nikwambie utacheka." Alikaa kwenye ukingo wa baraza, kanga kiunoni, kwa raha ya mtu aliyekosa wa kumsimulia. "Pale chumbani kuna soketi mbili nyekundu. Hizo hazizimwi kamwe. Nyingine zote mlinzi anazizima kwenye swichi kuu watu wakitoka, Meneja aliagiza, eti kubana matumizi. Sasa moja nyekundu ni ya seva. Ya pili ilikuwa ya mashine ya kanda, maana hiyo inaandika usiku, watu wakishaondoka. Unajua nimekuta nini kwenye ile ya pili?"

"Sijui."

"Friji! Friji dogo la soda za Meneja. Chumba chake kiko upande wa pili, kapitisha waya ukutani. Hataki soda ilale moto. Mashine ya kanda wakaichomeka kwenye soketi ya kawaida. Kwa hiyo kila jioni inapewa kanda, kabla haijaandika inazimwa, asubuhi umeme unarudi, inawaka taa ya kijani, inatema kanda. Skrini ya kuonyesha makosa ilishahamishiwa kwa katibu wa Meneja, maana skrini ya katibu ilikufa. Nani angeona? Zile kanda, mama, ni mpya kuliko friji. Hazijawahi kuandikwa hata herufi moja. Bikira kabisa."

Alicheka mwenyewe. Fundi alikuwa ameanza kushona, kwa mkono, mishono mifupi sana.

"Kwa hiyo hazikufutwa."

"Utafuta nini, wakati hapakuandikwa kitu? Na redio sijui, wanasema kulikuwa na redio. Kiredio cha watu hakiwezi, labda uitwange kanda yenyewe kwa nyundo."

"Na hayo uliwaambia lini?"

"Jumatatu ile ile ya kwanza. Nimeandika na ripoti, Meneja kapokea."

Kabla ya sidiria, Fundi alifikiri. Walikuja kukagua kabati wakijua.

"Ulimwambia Meneja peke yake?"

"Peke yake. Aa, na yule mtunza stoo, yule baba mpole. Ndiye aliyenishikia tochi nilipokuwa chini ya meza. Nikamwonyesha waya wa friji, mwanga ukahamia ukutani. Nikamwambia, baba, shika vizuri, hii ndiyo habari njema yako, wewe huna kosa."

Uzi ulikatika. Fundi alitafuta mwisho wake kwa kidole.

"Yule baba ni mume wangu," alisema. "Na redio ilikuwa hii hapa kwetu. Sasa mimi ndiye Mama Kufuta. Nimetia saini."

Mtaalamu aliikaza kanga kiunoni.

"Mama, mimi niliandika ukweli," alisema kwa sauti ndogo. "Wakishaipokea, ripoti si yangu tena."

"Najua mwanangu. Suruali yako hii hapa. Nimeirudia mara mbili, hata ukitambaa namna gani haitafumuka."

* * *

Ijumaa mtunza stoo aliingia na sanduku jipya kwapani. Juu yake aliweka mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko redio.

"Wamekurudishia," alisema, akijaribu uso wa furaha. "Nimewaomba sana. Na hizi ni kanda mpya, mama watoto. Meneja kasema tuanze upya, bila kinyongo. Itabidi nguo zako tena..."

"Friji limeondolewa?"

"Friji gani?"

"Lile ulilolimulika tochi."

Mama mkwe alianza kukohoa, akaghairi katikati.

Mtunza stoo alikaa. Alikaa taratibu, sanduku mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. "Ni friji la Meneja," alisema. "Anasema atatafuta fundi umeme aongeze soketi nyekundu. Mwakani, bajeti ikiruhusu."

"Kwa hiyo hizi nazo."

"Nazo... ndiyo."

"Ulijua, ukaniletea kalamu."

"Ningesema, ningekuwa mimi dhidi ya Meneja. Ungeniambia tulale wapi? Niambie. Wewe, mimi, mama. Wapi?"

Lilikuwa swali la haki, na hilo ndilo lililomuuma kuliko karatasi yenyewe. Fundi alilitafutia jibu kwenye kuta, kwenye kochi la mama mkwe, kwenye lile tangazo nyuma ya mlango. Nje, jirani wa mlango wa pili alikuwa anamwita mumewe ale, na mumewe hakuwa na haraka, maana siku hizi hakeshi tena kwa yeyote.

Fundi akasimama. Alifungua kabati, akatoa nguo zake zote, rafu kwa rafu, akazitundika moja moja kwenye kamba na misumari, ile ya kijivu juu kabisa, mkabala na mlango, mtu yeyote aingiaye aione. Akalipokea sanduku kutoka mapajani mwa mumewe kwa mikono miwili, akaliingiza mahali pake pakavu. Akageuza feni, ikalipepea. Mtunza stoo alishusha pumzi.

Kisha Fundi akaitoa redio kwenye mfuko, akaifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, na badala ya kuipandisha juu ya kabati akaiweka ndani, juu ya sanduku lenyewe, spika ikitazama chini. Akaiwasha. Akaongeza sauti mpaka mwisho, mlango wa kabati ukawa unatetemeka, na mtangazaji mmoja mchangamfu akautangazia mtaa mzima sabuni ya kiwanda kile, isiyobakiza doa.

Mtunza stoo aliinuka kama aliyemwagiwa maji, akanyoosha mkono kuizima.

"Usiguse," Fundi alisema.